Safari ya Kiwangwa

Tulipokuwa wadogo redio ilikuwa moja katika kitongoji chetu, nayo ilikuwa mali ya mwalimu mkuu. Mawe yake yalipochoka yalianikwa juani juu ya bati, yakapata nguvu ya kutosha taarifa ya habari na mchezo mmoja wa kuchekesha, basi. Ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, Mgogo yule asiyeona aliyezipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, zilitangulia habari. Nasi tulikaa kimya, si kwa kupenda habari, bali kwa kuwa mwalimu alituwekea sharti kwamba asiyesikiliza habari hatasikiliza mchezo. Kwa njia hiyo tulijifunza majina ya miji mikuu mingi ya Afrika hali tukingoja kucheka.

Twaeleza haya ili msomaji aelewe asili ya mapenzi yetu kwa watu wawili ambao tulisafiri kwenda kuwaona mwezi wa Novemba, mwaka 2022. Majina yao hatutayataja, kwa kuwa wametuomba tusiyataje. Msomaji wa rika letu huenda akawatambua mwenyewe. Mmoja ni mwanamume, naye aliigiza mume mbishi. Wa pili ni mwanamke, naye aliigiza mke ambaye habishani kamwe, lakini ambaye kila mchezo ulipokwisha ilionekana kuwa neno lililosimama ni lake.

Walianza sanaa yao katika miaka ya 1980, wakati vikundi vya utamaduni vya Dar es Salaam vilipokuwa vikijaza kumbi siku za Jumamosi na Jumapili. Mtu alilipa kiingilio kimoja akaona ngoma, sarakasi, taarabu na kichekesho, akarudi nyumbani usiku ameshiba macho. Baadaye ikaja televisheni. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Sisi wa Bara tulingoja hadi mwaka 1994. Hatukuwa na televisheni yetu. Jirani mmoja mwenye moyo mwema alikuwa akiigeuza ya kwake ielekee dirishani, na sisi watu wazima wenye kazi na familia tulisimama uani pamoja na watoto wa mtaa. Hapo ndipo tulipoziona nyuso zao kwa karibu. Mume mbishi alikuwa na desturi ya kunyamaza kabla ya kusema uongo. Alinyamaza, akatazama kando, akajikuna sikio, na ua mzima ulikwisha kucheka kabla hajasema neno. Tumewaona waigizaji wengi tangu siku hizo, na wengi wao hawajui kunyamaza.

Sasa tuseme jambo ambalo kwalo safari hii ilituwia nzito.

Mwaka 2004 tulikuwa tukifanya kazi katika ofisi moja ambayo hatuna haja ya kuitaja. Siku moja liliwekwa mezani petu jalada lenye barua iliyoandikwa kwa mkono, karatasi mbili za daftari la shule, chini yake saini moja na alama moja ya dole gumba. Waandishi walieleza kwamba michezo yao iliyorekodiwa ilikuwa ikirudiwa tena na tena, na kanda zake zikiuzwa madukani, ilhali wao walilipwa mara moja tu, posho ya siku ya kurekodi. Waliuliza kwa adabu kama hapakuwa na haki yao katika marudio hayo. Tulipoyasoma majina tulifurahi kama mtoto aliyeletewa zawadi. Tuliwaita wenzetu waje waione saini. Tulicheka kwa kuikumbuka michezo. Mmoja wetu, aliyejua kuiga, akanyamaza, akatazama kando, akajikuna sikio.

Kisha tukaagizwa tuandike jibu la upole, tukaliandika. Tulikuwa tunajulikana ofisini kwa kuandika vizuri. Tuliandika kwamba ombi lao limepokelewa kwa heshima kubwa, kwamba mchango wao katika utamaduni wa Taifa unatambuliwa, kwamba suala lao linashughulikiwa, nao watataarifiwa kwa wakati ufaao. Jalada likarudi masjala. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, ilikuwa kabatini, hatua mbili kutoka kitini petu, nayo inawataja waigizaji waziwazi miongoni mwa wasanii wenye haki. Hatukuifungua. Hatukukusudia ubaya wowote. Tulikusudia kuandika barua nzuri, na barua ilikuwa nzuri.

Miaka ikapita. Mzee Small alipofariki mwezi wa Juni 2014, tuliwafikiri watu wetu wawili. Mwaka uliofuata Kenya ilimpoteza Mzee Ojwang' wa Vitimbi, tukawafikiri tena. King Majuto alipozikwa Tanga mwezi wa Agosti 2018, tuliyaona makundi ya waombolezaji katika televisheni, nasi tukajiuliza kama wetu wangali hai, na wanaishi wapi. Jibu lilitufikia kwa njia ya kawaida mno. Kijana mmoja muuza mananasi hapa mjini, alipotusikia tukiuzungumzia mchezo wa zamani, alisema, "Hao mbona ndio wanaotuuzia mananasi, Kiwangwa?"

Tulipanda gari la Bagamoyo alfajiri tukiwa na mfuko wa zawadi: doti mbili za kanga, kilo tano za sukari, majani ya chai na kofia ya kiua. Bagamoyo hatukukawia. Tulipita mbali kidogo na chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, mahali ambapo vijana wetu wengi wamefundishwa ngoma na maigizo, tukashika barabara ya lami iendayo Msata. Kadiri gari lilivyokwenda, ndivyo minazi ilivyobaki nyuma na mashamba ya mananasi yalivyojitokeza, safu kwa safu, majani yake ya kijivu yakiwa kama mikuki iliyochomekwa ardhini. Kando ya barabara akina mama walikuwa wamepanga matunda mafungu mafungu. Ulikuwa msimu wenyewe, na Kiwangwa yote ilinuka utamu.

Kijana wa pikipiki hakuuliza tunakwenda shamba gani. Alituuliza tu, "Kwa Mume Mbishi?" na tulipoitikia, alicheka njia nzima.

Tulimkuta mama chini ya banda la makuti akichagua matunda: makubwa huku, madogo kule, yaliyoiva kupita kiasi pembeni. Tulibisha hodi, tukamwamkia. Aliitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu," pasipo kutuuliza jina wala haja, akatutolea kigoda. Sauti ilikuwa ile ile. Twakiri kwamba machozi yalitulenga, na kwa aibu tukajifanya kuchunguza nanasi.

"Mumeo yuko shambani?" tuliuliza.

Aliweka tunda chini. "Huyo si mume wangu. Huyo ni shemeji yangu. Mume wangu alikuwa mdogo wake, alikuwa mpiga tumba, alifariki mwaka 1991. Watu wote wanaokuja hapa huniuliza hivyo hivyo. Mkewe marehemu alikuwa akipata taabu sana sokoni. Wanawake walimwambia amemnyang'anya mtu mume."

Hatukuwa tumelifikiria jambo hilo hata siku moja. Kwa miaka karibu thelathini tuliwaoza watu wawili katika mawazo yetu, na mwanamke mmoja wa kweli akawa analipa mahari ya ndoa hiyo sokoni.

Mzee alikuja baadaye, amevaa mabuti ya mpira, na mikononi amevuta soksi kuukuu zilizokatwa vidole, ili miiba ya majani isimchane. Alitembea polepole, akigusa ncha za majani kama mtu ahesabuye. Jicho lake la kushoto lilikwisha funikwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa linafuata. Tulimwamkia, akatuelekezea sikio badala ya uso. Tulingoja anyamaze, atazame kando, ajikune. Hakufanya hivyo. Aliuliza kama tumekunywa maji.

Ni lazima tuseme ukweli kwamba mwanzoni tulihuzunika kwa ajili yetu wenyewe. Tulikuwa tumesafiri ili tuchekeshwe. Mzee alizungumza juu ya mananasi, na juu ya mananasi tu. Alieleza kwamba mche hupandwa kwa machipukizi, kwamba hukaa mwaka na nusu, pengine miaka miwili, kabla ya kuzaa, na kwamba mche mmoja huzaa tunda moja, kisha chipukizi lake ndilo huendeleza uzazi. Alieleza jinsi malori yanavyokuja wakati wa msimu, na jinsi mnunuzi ajuavyo kuwa tunda lililoiva haliwezi kungoja kesho, hata bei ikawa ni ile aitakayo yeye. Alisema haya kwa utulivu wa mtu ajuaye kazi yake. Kama angekuwa mkulima ambaye hatukupata kumjua, tungemsikiliza kwa heshima. Lakini kwa kuwa alikuwa yeye, tulisikiliza kwa kungoja.

Hapo walikuja watoto wanne wa shule kununua nanasi moja la kugawana. Walipomwona tu mzee walianza kucheka. Hakuwa amesema neno. Alikuwa ameinama anatafuta kisu kwa kupapasa, nao walicheka kupapasa kwake. Mama aliwakatia nanasi, akapokea fedha, akawaambia waende salama.

"Wamezoea," mzee alisema. Kisha akatusimulia kisa ambacho tunakieleza kama alivyokieleza. Miaka sita kabla ya siku ile alijikata mguu kwa panga alipokuwa anafyeka mpaka wa shamba. Damu ilitoka nyingi. Alipiga kelele, na watu waliokuwa wakipita njiani walisimama kumtazama. Alilia kwa nguvu zaidi. Wakacheka. Mmoja alipiga makofi. Aliwaambia, "Jamani, nakufa," na kwa kuwa maneno hayo aliwahi kuyasema katika mchezo mmoja wa redio uliopendwa mno, walicheka mpaka wakakaa chini. Aliyemwokoa alikuwa mgeni, mfanyabiashara kutoka mbali, ambaye hakumfahamu. Mzee alipandisha suruali tukaliona kovu, refu kama shibiri.

Nasi, Mungu atusamehe, alipofika kwenye yale maneno "Jamani, nakufa," tulicheka. Tuliufahamu mchezo ule. Kicheko kilitutoka kabla hatujakizuia. Mzee hakukasirika, aligeuza sikio lake upande wetu, akasema, "Unaona?"

Baada ya chakula (ugali wa muhogo na dagaa wa nazi, na baadaye nanasi) mjukuu wa mama alileta simu yake atuonyeshe. Michezo yao imo katika intaneti, katika YouTube, imewekwa na watu wasiowafahamu, na chini ya kila mchezo imeandikwa idadi ya watazamaji. Mmoja ulikuwa umetazamwa zaidi ya mara laki tatu. Kabla ya mchezo kuanza lilitokea tangazo la sabuni. Kijana alitueleza kwamba matangazo hayo yana malipo, na malipo humwendea aliyeuweka mchezo pale. Mzee alisikiliza sauti yake mwenyewe ya ujanani ikibishana juu ya mbuzi. Akasema: "Nanasi nikiliuza mara moja, limekwenda, aliyelinunua analila linakwisha. Mchezo niliuuza mara moja, nao wanaula mpaka leo, hauishi."

Hapo ndipo tuliposema. Hatukuweza kukaa tena na ugali wao tumboni. Tulisema kwamba barua waliyoiandika mwaka 2004 tuliipokea sisi, na kwamba jibu walilopata tuliliandika sisi. Tulisema tulikuwa na sheria kabatini. Tulitaka kuendelea, lakini tuliona maneno mengine yote ni ya kujitetea, tukanyamaza.

Mama alitutazama muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitazamia. "Barua ile ilikuwa nzuri. Tulisomewa na mwalimu. Mume wa wifi yangu alilia. Tulisema, huyu aliyeandika ni mtu anayetuheshimu, basi tungoje. Tulingoja miaka miwili. Tulikuwa tumeambiwa na mtu twende kwa wakili, tukakataa, tukasema jambo letu linashughulikiwa, tutaonekana hatuna adabu."

Kama angetutukana tungefarijika. Sisi ni mtu wa mashairi. Tumetunga vina na mizani kwa miaka mingi, tumesifiwa katika magazeti na katika sherehe, na katika yote tuliyoandika hakuna maandishi yaliyofanya kazi kwa nguvu kama zile aya nne za kiofisi.

Mzee ndiye aliyevunja kimya. Aliuliza kama bado tunajua kuandika. Tulisema tunajua. "Basi andika," alisema, "michezo yetu yote, jina na kisa chake, na nani alitunga nini. Mjukuu anasema ukienda kudai utaulizwa, maandishi yako wapi? Sisi hatukuwa na maandishi."

Na hapa inafaa tuwaeleze walimu na wanafunzi watakaosoma kurasa hizi jinsi michezo ile ilivyotungwa, maana jambo hili halimo vitabuni. Michezo ya kuigiza mnayoisoma darasani ina kurasa. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, mwalimu aweza kukuambia ufungue ukurasa fulani na usome maneno ya fulani. Vichekesho vya watu hawa havikuwa na ukurasa hata mmoja. Kisa kilipangwa ndani ya gari, njiani kwenda ukumbini: nani ataingia kwanza, nani atasema uongo, uongo utagunduliwa na nani, na kwa kitu gani. Baada ya hapo kila neno lilizaliwa kinywani, mbele ya watu, na likipokewa kwa kicheko kikubwa lilihifadhiwa kwa ajili ya siku nyingine. Lisipopokewa lilikufa siku hiyo hiyo. Mama hakupata kusoma. Dole gumba katika barua lilikuwa lake. Lakini alikuwa na michezo mizima kichwani, pamoja na mabadiliko yake ya kila mji: huu Morogoro tuliuchezea hivi, Tanga walikuwa hawacheki mpaka uwatajie samaki. Sisi hatujawahi kuambiwa na mtu tuthibitishe kwamba shairi letu ni letu. Tuliliandika karatasini, ikatosha, hata lile ambalo halikustahili karatasi. Huyu mama alitunga papo kwa papo maneno ambayo Watanzania wanayasema mpaka leo majumbani mwao wasijue yametoka wapi, na ushahidi wake ni kwamba anayakumbuka.

Tulilala siku ile Kiwangwa, na siku iliyofuata pia. Tulinunua daftari kubwa dukani, tukakaa chini ya banda. Walitaja, nasi tuliandika: jina la mchezo, mwaka kama waliukumbuka, mahali ulipochezwa kwanza, waigizaji wengine waliokuwamo. Wengi kati ya hao wamekwisha fariki, na kila jina lilipotajwa wote wawili walisema, "Mungu amrehemu," kisha wakaendelea. Lori lilipofika tulikatiza kazi, tukasaidia kupakia. Mikono yetu ya kalamu ilichanwa vibaya na majani, na mzee, ambaye hakuona, aliijua hali hiyo kwa kuusikiliza mguno wetu, akatuvulia soksi zake.

Siku ya pili jioni tulikuwa tumeandika michezo arobaini na mitatu. Tulipofika wa arobaini na nne, ule wa mbuzi, mzee alisema unamalizika kwa mume kumrudisha mbuzi kwa mwenyewe. Mama alisema la, mume anamchinja, na mwenye mbuzi anakaribishwa kula pasipo kujua anakula mali yake. Mzee alisema huo ni mwisho wa kumbi za mjini, mwisho wenyewe ni kumrudisha. Mama hakubishana. Alisema tu kwamba yeye anakumbuka ladha ya nyama, maana siku ile ya kwanza kikundi kilikuwa na fedha na mbuzi alikuwa wa kweli. Mzee alinyamaza. Alitazama kando, upande ambao hakukuwa na kitu ila safu za mananasi na giza linaloingia, na mkono wake ukapanda polepole hadi sikioni.

Hatukucheka. Tulingoja tuone kama atasema kweli au uongo.

"Andika yote mawili," alisema mama. Tukaandika yote mawili. Gari la mwisho la Bagamoyo lilikwisha pita, na ulikuwa bado mchezo wa arobaini na tano.